Mwisho wa Kichekesho cha Chiriku

Mimi ni dobi, na si mtu wa kucheka. Nasema mapema ili tusisumbuane. Wapo watu wamezaliwa meno nje, ukiwaambia maji yamekatika wanacheka, ukiwaambia yamerudi wanacheka tena. Mimi sipo huko. Nimefua na kupiga pasi nguo za watu miaka thelathini na moja kwenye chumba hikihiki, meza mbili, pasi tatu, dirisha moja linaloangalia kamba za uani, na hakuna mteja atakayekwambia aliwahi kuyaona magego yangu. Zamani nilijivunia jambo hilo. Siku hizi nikilikumbuka najiona mpumbavu.

Kazi yetu ina sheria nyingi, lakini moja ikivunjwa nakuwa mkali hata kwa wanangu: nguo haiingii majini kabla mfuko wake haujakaguliwa. Nimetoa mifukoni funguo, miwani, vyeti vya kuzaliwa, jino la bandia, na siku moja kifaranga kilicho hai. Kila kitu nakitia kwenye kopo lenye kitambaa cha namba ya mteja, na kinarudi kwa mwenyewe. Watoto walikuwa wakinitania kwamba nakagua hata shuka, na shuka haina mfuko. Ni kweli nakagua. Mkono umezoea, unajiendea wenyewe.

Watoto ninao wawili. Nasema ninao, ulimi bado haujakubali kusema vingine. Mkubwa ni binti, anapiga pasi pamoja nami, mtu mzima wa miaka thelathini. Mdogo wake alikuwa akipeleka nguo kwa wateja kwa baiskeli, na mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza. Domo alilirithi kwa baba yake. Baba yao alikuwa fundi wa maneno. Alinichekesha miaka minne mfululizo, halafu asubuhi moja akasema anakwenda kununua vibanio vya nguo, na mpaka leo hajarudi. Vibanio tukanunua wenyewe. Tangu hapo mtu akianza kunichekesha huwa najiuliza anataka kwenda wapi.

Sasa Chiriku alikuwa na mazoea yake. Akirudi kutoka kupeleka nguo anakaa juu ya meza ya dada yake, kitu nilichokikataza mara elfu, anaanza kusimulia visa vya wateja. Na dada yake naye ana ugonjwa wake. Yule binti hawezi kungoja mwisho wa kichekesho. Kisa kikifika katikati, pale panapoanza kunoga, yeye kishaangua kicheko, anapiga meza, machozi yanamtoka, pasi inabaki hewani. Mdogo wake akamtunga jina, Mapema. "Mapema, ngoja basi tufike," anamwambia, "wewe unashukia njiani." Wapi. Anamalizia kisa mwenyewe huku dada mtu anagaragara, na ule mwisho hakuna anayeusikia.

Niliusikia mimi. Mimi nafulia upande wa pili wa plaiwudi inayogawa chumba, na kwa kuwa nilikuwa sicheki, masikio yangu yalikuwa wazi. Kila mwisho wa kila kisa ulipita kwenye ule ubao ukanifikia mimi na beseni langu. Na ninakiri sasa, maana kuficha hakuna faida tena: vingine vilikuwa vinachekesha kweli. Nilikuwa nauma shavu kwa ndani, nakamua nguo kwa nguvu mpaka vifungo vinalia. Sijui nilikuwa namkomoa nani. Kisha Chiriku anachungulia pembeni mwa plaiwudi, shingo upande, ananikagua uso. "Hata kidogo, mama?" Nami namwambia, "Peleka nguo za watu."

Aliniuliza hivyo miaka mingapi? Nikihesabu kichwa kinauma.

Mwanzoni mwa mwaka akaja na habari kwamba kuna ukumbi juu ya duka la samani ambako Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, saa kumi alasiri, wachekeshaji wapya wanapandishwa jukwaani, kila mmoja dakika nane na kipaza sauti chake. Amejiandikisha. Nilimpa vidonge vyake. Nikamwambia watu wazima wanatafuta kazi ya maana, yeye anatafuta pa kubweka. Hakununa. Alinunua daftari la shule la mistari mipana, akaanza kuandika visa vyake, na alikuwa na mtindo wa ajabu: anaandika mwanzo tu. Mwisho haandiki. Dada yake alipomwuliza alisema mwisho ukiuandika unapoa, mtu aubebe kichwani uwe wa moto.

"Kimebaki kimoja," aliniambia. "Cha kwako wewe, mama. Hicho lazima nikupate."

"Hunipati."

"Tutaona."

Asubuhi ile, Jumanne, alikuwa anafunga kapu la mashati nyuma ya baiskeli. Akanisemesha kupitia dirishani. "Mama, leo ufue na zangu. Ile suruali ya kijivu usiisahau." Nilikuwa na shuka za nyumba ya wageni, kumi na nane, na mgongo unaniuma. Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Jifulie. Mikono unayo." Akacheka akaondoka. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwa mwanangu, na hakuna sabuni ya kuyatoa.

Lori lilikuwa linarudi nyuma kwenye lango la ghala. Dereva hakumwona. Wanasema hakuteseka, watu husema hivyo kila mara, nami nimeamua kuamini, la sivyo nitapata wazimu.

Jioni yake polisi walituletea baiskeli na lile kapu. Mashati ya wateja yalikuwa mle mle, na yalikuwa yameloa damu. Majirani walitaka yatupwe. Nikawaambia haya ni mashati ya watu, yana namba. Damu ukiipa maji ya moto inashika kwenye uzi haitoki tena. Inataka maji baridi na chumvi, na usiharakishe. Nilikaa uani nikayafua moja moja, matano, mpaka yakawa meupe. Binti yangu alisimama mlangoni akinitazama. Kesho yake tukamzika.

Baada ya wiki nikafungua tena kazi. Watu walinishangaa, lakini ningefanya nini, nikae nitazame ukuta? Nilijikaza kisabuni, kama tusemavyo. Siku hiyohiyo nikaliona kapu la nguo zake nyuma ya mlango. Nikalibeba lote, nikalimwaga kwenye beseni, nikamimina maji, nikafua. Sikuona ninachofua. Nilikuwa nafua tu, mikono inakwenda, macho yamejaa. Nilipofika kuikamua suruali ya kijivu nikahisi kidonge mfukoni. Nikaingiza vidole. Ilikuwa karatasi, imekuwa uji, na wino wote umekimbilia majini.

Miaka thelathini na moja. Nguo za watu baki nimezikagua mpaka pindo, na za mwanangu mwenyewe nikazitupa majini na mifuko yake. Niliutandaza ule uji juu ya kitambaa, nikaukausha, nikaupiga pasi ya moto mdogo nikitumaini herufi itajitokeza. Hakuna kilichotokea. Nikaufunga kwenye leso nikautia kwenye kopo, bila namba. Binti yangu sikumwambia. Nilijisemea labda ni orodha tu ya wateja.

Wiki ya tatu akaja mratibu wa ule ukumbi, kijana mpole mwenye shati lisilopigwa pasi. Alikuja kutoa pole, na pia kuuliza kama alifute jina la Chiriku kwenye orodha ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

"Lifute," nikasema.

"Usilifute," akasema binti yangu. Alikuwa anakunja mashuka, hakusimama hata. "Nitapanda mimi. Nitasema vya kwake."

Nilimtazama kama mtu aliyepandwa na kichaa. Mratibu alipoondoka nikamtolea uvivu. Nikamwambia watu watasema hata udongo haujakauka, sisi tumeshapanda jukwaani kuchekelea. Nikamwambia, na wewe hasa, wewe ambaye hujawahi kumaliza kichekesho kimoja tangu uzaliwe.

"Ndiyo maana," akasema. "Nimesoma daftari. Mianzo yote ninayo. Mwisho hata mmoja sina, mama. Nilikuwa nacheka. Mdogo wangu alikuwa anasema, mimi nacheka, na sikuwahi kumsikia mpaka mwisho hata siku moja." Hapo ndipo akalia, akalia vibaya, amekumbatia mashuka ya watu. "Nimeuliza wateja, nimeuliza vijana wa kijiweni. Kila mtu anakumbuka kwamba alicheka, lakini alichokichekea hakumbuki."

Ningeweza kunyamaza. Nafsi yangu ilitaka kunyamaza, ili jambo life palepale. Lakini yule mtoto alikuwa analia kwa kitu nilichokuwa nacho mimi kifuani, vyote, neno kwa neno. Nikavuta kiti.

"Soma mwanzo," nikamwambia.

Akanitazama hajaelewa. Kisha akafungua daftari, akasoma kwa sauti ya kukwama. "Namba kumi na saba analeta mashati sita kila Jumatatu. Matano kola nyeusi ti. La sita safi, limekunjwa kama lilivyotoka kwetu. Nikamwuliza, bwana, hili la sita mbona hujalivaa?"

"Akajibu," nikasema, "'Hilo ni la siku nitakayokwenda kazini.'"

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukitamka kichekesho cha mwanangu kwa mdomo wangu. Binti yangu akafunika uso kwa daftari, mabega yakimtikisika, na sikujua kama anacheka au anaendelea kulia. Nadhani naye hakujua.

Basi tukaanza. Wiki mbili, kila baada ya chakula cha mchana, yeye mwanzo, mimi mwisho. Ikaonekana kuna tatizo jingine. Pale pale alipokuwa akiangukia kicheko zamani, sasa alikuwa anaangukia kilio. Mahali palepale, neno lilelile. Kile cha barua ya mapenzi iliyokutwa mfukoni mwa mzee mmoja alikijaribu siku nne, na kila akifika pale mke wa mzee anapofungua mlango sauti inakatika.

Nilimfundisha kwa njia ninayoijua. Nikamwekea shati mezani, pasi ya moto mkononi, nikamwambia, "Simulia huku unapiga pasi. Ukisimama, shati linaungua." Pasi haikupi nafasi ya kulia, lazima iende. Siku ya kwanza aliunguza shati la namba kumi na saba, alama ya pasi mgongoni kama unyayo, na tukamwomba radhi mwenyewe, naye alipoambiwa sababu akakataa hata kulipwa. Siku ya pili akafika mwisho. Akaisimamisha pasi kwa kisigino chake, akavuta pumzi, akanitazama.

"Kumbe mwisho wake ndio huu," akasema. "Mama, kumbe vilikuwa vizuri hivi."

"Vilikuwa vizuri," nikasema. Nikaona niliseme lote. "Nami nilikuwa nasikia. Kila siku. Nikamnyima."

Akatandaza shati jingine mezani, akaishika tena pasi.

Ikabaki siku mbili. Tulikuwa na visa vitatu vimekamilika, na ukurasa wa mwisho wa daftari hatujaugusa, kwa sababu juu yake kaandika "Cha mama" na kila mmoja wetu alikuwa anauogopa. Alhamisi binti yangu akaufungua. Akasoma akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye pasi.

"Mama yangu ni dobi. Hajacheka tangu nimeota meno. Nimejaribu kila kitu. Nimejiangusha makusudi, nimevaa gauni la mteja, wapi. Lakini mama ana udhaifu mmoja, mifuko. Anakagua kila mfuko. Anakagua hata shuka, na shuka haina mfuko. Basi nikachukua kichekesho changu kizuri kuliko vyote, nikakiandika kwenye karatasi, mwanzo mpaka mwisho, nikakitia mfukoni mwa suruali yangu ya kijivu, nikaitupa kwenye nguo chafu. Nikajibanza nyuma ya mlango. Mama akaja. Akaishika suruali." Akageuza ukurasa, akarudi. "Hapo chini kaandika, 'Mwisho: ngoja mama afue.' Basi. Hakuna kingine." Akaniangalia. "Ulikifua, mama? Ulikiona? Alikuandikia nini?"

Nikaenda kwenye rafu, nikaleta lile kopo lisilo na namba, nikafungua leso mbele yake. Nikamweleza. Siku, kapu, beseni, kidonge. Sikujitetea. Nilisema nilikuwa nalia, kisha nikaona hata hilo ni kujitetea, nikanyamaza.

Alikitazama kile kipande cheupe kilichonyooshwa kwa pasi. "Wewe," akasema polepole. "Wewe unayekagua shuka."

"Mimi."

"Siku hiyo moja."

"Siku hiyo moja tu, mwanangu."

Nilingoja anipigie kelele, nilizitamani kelele. Hakupiga. Alikifunga kile kipande kwenye leso, akakirudisha kwenye kopo, akaendelea kupiga pasi shati lililokuwa mezani mpaka likaisha. Kisha tukakubaliana kwamba Jumamosi atasema vile vitatu, atashukuru, atashuka. Cha nne atakiruka, maana hakina mwisho na hakuna duniani wa kutupa.

Jumamosi nilivaa nguo zangu za heshima, nikapanda ngazi za lile duka la samani nikipita katikati ya vitanda na makabati. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki kama themanini na vyote vimejaa. Kwenye jukwaa, zulia jekundu lenye doa la mafuta ambalo mtu yeyote angelitoa kwa maji ya moto na sabuni ya kipande. Nilikaa mstari wa pili, jirani na mwanamume mnene aliyekuwa ameshaanza kucheka kabla hata mtu hajapanda. Binti yangu alikuwa amemwomba mratibu asiseme kitu kuhusu msiba, kwa sababu watu wakijua watamwonea huruma, na mwenye huruma hacheki. Kwa hiyo mratibu alitangaza hivi: "Sasa anakuja dobi, anamshikia nafasi mdogo wake ambaye leo hakuweza kufika."

Hakuweza kufika. Nililishika pindo la kanga yangu nikalikunja, nikalikunjua, nikalikunja.

Mapema alipanda. Akashika kipaza sauti kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ukaanza kwenda mbele na nyuma hewani, taratibu, unapiga pasi. Hakujua kama unafanya hivyo. Watu wakacheka kidogo wakidhani ni sehemu ya mchezo, nao mkono ukaendelea.

Kisa cha namba kumi na saba kilipata kicheko kidogo. Kisa cha jirani aliyeleta shuka za wakwe kikapata kikubwa zaidi, pale jirani aliporudi siku ya tatu kulalamika: "Mwambie mama safari nyingine azijaze wanga mpaka ziwakwaruze. Amezifua vizuri mno, wamelala usingizi mtamu, wanasema wanaongeza wiki." Kisha kikaja cha barua. Akasimulia jinsi kijana wa dobi alivyokuta barua ya mapenzi mfukoni mwa suruali ya mzee mmoja, na kwa kuwa mama amekula kiapo kila cha mfukoni kirudi kwa mwenyewe, akaipeleka mpaka nyumbani, akabisha, na aliyefungua mlango ni mke. Nikashika pumzi. Mkono wake hewani haukusimama. Mke akaisoma barua yote, akaikunja, akasema, "Irudishe ulipoitoa. Hii nilimwandikia mimi miaka ishirini iliyopita, na suruali hiyo tangu siku ile namwambia aipeleke kwa dobi."

Ukumbi ulipiga makofi. Yule mnene jirani yangu alikuwa anajifuta macho. Nikasema moyoni, basi, imekwisha, amefika, ashuke sasa. Nikaanza kutafuta viatu vyangu chini ya kiti kwa vidole vya miguu.

Hakushuka.

"Kimebaki kimoja," akasema.

Nikatikisa kichwa. Nilitikisa mpaka shingo ikaniuma. Hakunitazama.

Akakisema. Mama yangu ni dobi, hajacheka tangu nimeota meno. Aliyasema maneno ya mdogo wake kama yalivyo, mpaka gauni la mteja, mpaka shuka isiyo na mfuko, na watu walikuwa wanacheka kila sentensi, nami kila kicheko kilikuwa kinaniingia mwilini kama sindano. Karatasi ikaingia mfukoni. Suruali ikatupwa. Kijana akajibanza nyuma ya mlango. "Mama akaja," akasema Mapema. "Akaishika suruali."

Mkono wake ukasimama. Ni mara ya kwanza tangu apande. Hapo ndipo kurasa zilipoishia, na ukumbi ukanyamaza ukimngoja, watu themanini, shingo mbele.

"Miaka thelathini na moja mama yangu yuko kwenye kazi hii," akasema. Sauti yake ilikuwa kavu, imenyooka, haina hata mkunjo. "Ametoa mifukoni mpaka kifaranga. Siku hiyo, siku hiyo moja tu, akaichukua ile suruali, hakutia mkono, akaitosa majini na mfuko wake na kichekesho chake. Akaisugua. Akaisuuza mara tatu. Akaianika. Karatasi alipoiona imekuwa uji, akaipiga pasi." Akangoja kidogo. "Na suruali jamani, haijawahi kutakata vile."

Ukumbi ulilipuka. Sijui niseme vipi. Watu walipiga viti, walisimama, nyuma kule kuna mtu alikuwa analia anaomba asaidiwe. Walikuwa wanalichekea jambo baya kuliko yote niliyowahi kufanya, na nikaliona kama wanavyoliona wao: jimama lenye amri zake na makopo yake na namba zake, linapiga pasi uji. Kikaanza tumboni. Nikauma shavu, kama siku zote, na shavu halikusaidia kitu. Nikacheka. Nikacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kujua ninayo, nimeinama mpaka paji la uso linagusa kiti cha mbele, machozi yananitiririka mpaka kwenye kanga, mbavu zinauma, na kila nikitaka kuacha namwona nyuma ya mlango amejibanza, anangoja.

Yule mnene alinipiga begani. "Huyo mama naye," akasema, anahema, "huyo mama ni kiboko."

"Ndiye mimi," nikamwambia.

Akanitazama, akacheka zaidi akidhani natania. "Na wewe ungepanda, mama," akasema.

Niliinua uso. Katika ukumbi ule mzima mtu mmoja tu alikuwa hacheki, naye ni binti yangu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kungoja mwisho. Alikuwa amesimama palepale, kipaza sauti kimeshuka, shingo upande kidogo, anachungulia kati ya vichwa vya watu kuniona uso. Sikuuziba mdomo. Nilimwachia ayaone meno yangu yote mpaka magego. Aliyekuwa akiyatafuta miaka yote hiyo alikuwa wiki ya sita yuko chini ya udongo, na mimi nilikuwa bado nacheka, sikuweza kujizuia.